Nyumba Njema Si Mlango: Kuisoma Chanel kwa Kugeuza Koti Lake Nje Ndani

Vazi mashuhuri kuliko yote yaliyowahi kuitwa Chanel halikushonwa Chanel. Ni ile suti ya waridi aliyokuwa ameivaa Jacqueline Kennedy mjini Dallas tarehe 22 Novemba 1963, siku mumewe alipopigwa risasi. Ilishonwa New York, katika duka la mavazi lililoitwa Chez Ninon. Kitambaa na vikolombwezo vyake vilitoka kwa Chanel, Paris, kwa utaratibu uliokuwa halali kabisa: duka la Marekani lilinunua ruhusa ya kunakili mtindo mstari kwa mstari, likaletewa vifaa, kisha mafundi wake wenyewe wakakata na kushona. Leo suti hiyo imehifadhiwa na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani, na kwa masharti ya familia haitaonyeshwa hadharani mpaka mwaka 2103.

Je, ile ilikuwa Chanel au siyo? Linaonekana swali la wapenda mabishano, lakini ukiuvuta uzi wake utaona mambo manne yamefungwa kwa jina moja: mwanamke aliyeitwa Chanel, kampuni inayoitwa Chanel, mafundi wanaoishonea Chanel, na namna ya kuvaa inayosemwa kuwa ya Chanel. Mtu anaweza kulipenda moja na asijue lolote kuhusu matatu yaliyobaki. Wengi huishia kwenye la tano, ambalo sikulitaja: zile herufi C mbili zilizopeana mgongo.

Waliosema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, hawakuwa wakiwaza mitindo. Lakini kwa kuwa hata Wafaransa huziita kampuni za aina hii nyumba, methali inatukaa vizuri. Mimi nitaingia kupitia koti moja. Kabla ya hapo, maneno machache kuhusu mwenye jina na wenye mali, maana hao wawili huchanganywa kila siku.

Gabrielle Chanel alizaliwa Saumur, Ufaransa, mwaka 1883, kwa wazazi wachuuzi. Mama yake alipofariki, aliishia kulelewa na watawa, na kwa watawa ndiko alikoshika sindano. Alianza na kofia. Mwaka 1910 alifungua duka la kofia katika mtaa wa Cambon, Paris, mtaa ambao nyumba yake haijauhama hadi leo. Wakati huo wanawake wa kitajiri walibeba kichwani manyoya, maua na matunda ya bandia. Kofia zake yeye zilikuwa kofia tu, na hilo peke yake lilikuwa jambo jipya.

Kisha akaja na jezi. Neno hili kwetu limehamia uwanjani, ila asili yake ni kitambaa: cha kufumwa, chepesi, kinachovutika, ambacho hadi enzi hizo kilitumika zaidi kwa nguo za ndani za wanaume. Chanel alikata nacho makoti na sketi za wanawake wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Wanahistoria hupenda kusema alifanya hivyo kwa sababu vitambaa vingine viliadimika, na ni kweli kwa sehemu. Kinachonivutia zaidi ni tabia ya kitambaa chenyewe. Jezi haikubali kufungwa kiuno kwa nguvu wala kusimamishwa kwa mifupa ya nyangumi kama mavazi ya zamani. Ukiilazimisha inakunjamana. Fundi aliyezoea jezi hujifunza, apende asipende, kwamba mwili ndio unaoongoza na mshono unafuata. Somo hilo ndilo lililokuja kuzaa koti, karibu miaka 40 baadaye.

Kampuni ina hadithi yake tofauti. Manukato ya N°5, aliyoyatunga Ernest Beaux, yalitoka mwaka 1921. Mwaka 1924 ikaundwa kampuni ya kuyauza: ndugu wa familia ya Wertheimer wakachukua asilimia 70, Théophile Bader wa maduka ya Galeries Lafayette asilimia 20, na Chanel, mwenye jina, asilimia 10. Mkataba huo ulimkereketa kwa miaka mingi. Paris ilipokuwa chini ya Wajerumani katika Vita vya Pili, alijaribu kutumia sheria za Wanazi dhidi ya Wayahudi ili kuwanyang'anya Wertheimer kampuni, na alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na afisa wa Kijerumani, Hans Günther von Dincklage. Hakufanikiwa, kwa kuwa Wertheimer walikuwa wamekwisha kuiweka kampuni mikononi mwa Mfaransa asiye Myahudi, Félix Amiot. Ajabu ni kwamba Pierre Wertheimer huyohuyo ndiye aliyekuja kugharamia kurudi kwake kwenye ushonaji. Wajukuu zake, Alain na Gérard, ndio wenye Chanel leo.

Siyasemi haya ili mtu alivue koti lake. Nayasema kwa kuwa kuna namna ya kuisifu historia ya nyumba hizi ambayo ni tangazo la biashara lililovaa miwani ya usomi, na namna hiyo huiruka kila mara miaka ya 1939 hadi 1945. Mwanamke huyu alikuwa na mkono wa ajabu na matendo mengine ya aibu. Yote mawili yamo kwenye kumbukumbu, na anayetaka kuijua nyumba hana budi kuyashika yote mawili.

Sasa koti.

Tarehe 5 Februari 1954, akiwa na umri wa miaka 70, Chanel alionyesha mavazi mapya baada ya kuifunga nyumba yake ya ushonaji kwa karibu miaka 15. Mitindo ya Paris wakati huo ilitawaliwa na wanaume, na kinara wao alikuwa Christian Dior: viuno vimebanwa, sketi zimefurika vitambaa, makoti yametiwa vitu vigumu ndani kiasi kwamba yangeweza kusimama bila mtu. Chanel aliyaona mavazi hayo kama adhabu. Magazeti ya Ufaransa yalimpokea kwa baridi, yakisema mama huyu amerudi na nguo za zamani. Wanunuzi wa Marekani waliona kitu kingine, na katika miaka iliyofuata koti likapata umbo tunalolijua: fupi, lisilo na kola au lenye kola ndogo, mifuko minne mbele, kanda pembezoni, kitambaa cha twidi.

Twidi ni kitambaa cha sufu kilichozaliwa Uskoti, kizito, cha wawindaji na wavuvi. Chanel alikizoea katika miaka ya 1920, alipokuwa na uhusiano na Duke wa Westminster wa Uingereza na kuazima makoti ya wanaume wa huko. Aliagiza twidi kutoka kwa viwanda vya Uingereza, kikiwemo cha Linton cha Carlisle, lakini aliitaka laini na legelege, yenye nyuzi nene na nyembamba pamoja, rangi juu ya rangi. Kitambaa cha namna hiyo ni kizuri machoni na ni balaa mkononi. Ukikikata kinachambuka. Ukikishona kinavutika. Ukikivaa wiki mbili kinatoa kiwiko na kukibakisha hapo hata ukishavua.

Mafundi wa kawaida wangekitibu kwa kukigandisha: wangetia kitambaa kigumu katikati ya twidi na bitana, na pedi mabegani, koti lipate umbo. Hiyo ndiyo njia ya suti ya kiume, na ndiyo aliyoikataa. Geuza koti la Chanel nje ndani uone alichofanya badala yake. Bitana ni ya hariri, na imeshonewa moja kwa moja kwenye twidi kwa mistari mingi ya wima, kila mstari sentimita chache kutoka kwa mwenzake. Kila kipande cha koti hushonewa bitana yake kwanza kikiwa peke yake. Baadaye ndipo vipande huunganishwa, na kingo za bitana hufungwa kwa mkono. Vitambaa viwili dhaifu vimekuwa kimoja chenye nguvu, bila kuwa kigumu. Na kwa nje huioni hiyo mistari, kwa sababu uzi unazama kati ya manundu ya twidi. Udhaifu wa kitambaa umegeuzwa kuwa maficho ya mshono. Hata zile kanda za pembeni, ambazo watu hudhani ni mapambo tu, zinakabili tatizo lilelile la kingo zinazochambuka. Mara nyingine husukwa kwa nyuzi zilizochomolewa kwenye twidi yenyewe, ndiyo maana rangi zake huoana bila kukosea.

Lakini koti jepesi lisilo na mifupa lina tabia ya kupanda juu. Ukikaa na kusimama, pindo linakunjika. Ukigeuka, linabaki nyuma. Dawa yake ni mnyororo mwembamba wa shaba uliotungwa kwa mkono ndani ya pindo, kuzunguka koti lote. Hauonekani. Kazi yake ni uzito tu. Niliwahi kulijaribu wazo hili kwenye koti langu jepesi la kushonesha ambalo daima lilikuwa limekaa kama limekasirika. Nilitungia mnyororo wa kawaida kwa mishono ya mkono, jioni moja tu, na kesho yake rafiki yangu aliniuliza kama nimepungua mwili.

Siri kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko kwapani. Mtu akilalamika kwamba koti linambana akiinua mkono, wazo la kwanza la wengi ni kupanua tundu la kwapa. Chanel alifanya kinyume: alilipandisha na kulibana. Fikiri kidogo utaona kwa nini. Mkono unazunguka begani. Tundu la kwapa likishuka chini sana, mkono wa koti unakuwa umeunganishwa na ubavu mbali na pale mwili unapokunjika, kwa hiyo ukiinua mkono unauvuta ubavu mzima wa koti pamoja nao. Tundu likikaa juu, karibu kabisa na kwapa lenyewe, mkono unatembea na koti linabaki mahali pake. Kinachobana ndicho kinachoachia. Ugumu ni kwamba tundu dogo halisamehe: likikosewa kidogo tu linakata nyama. Ndiyo maana Chanel alikuwa na sifa ya kuchomoa mikono ya koti na kuipachika upya mara nyingi bila kuridhika, mwanamitindo akiwa amesimama kwa masaa. Hakuwa mchoraji. Alifanya kazi kwa pini na mkasi, juu ya mwili wa mtu aliye hai.

Mengine ni madogo lakini yanatokana na fikra ileile. Mfuko ni mfuko kweli, mkono unaingia. Kila kifungo kina tundu lake. Kifungo cha urembo mtupu hakikuwa na nafasi kwake. Mkoba wake wa Februari 1955, unaoitwa 2.55 kwa tarehe hiyo, ulipata mnyororo wa kuning'iniza begani kwa sababu alichoka kushika mikoba mkononi na kuisahau. Viatu vya rangi mbili vilivyotengenezwa na Massaro mwaka 1957 vina hesabu yake pia: rangi ya mchanga huufanya mguu uonekane mrefu, na ncha nyeusi huufupisha unyayo na kuficha uchafu.

Viatu hivyo vinatuleta kwa mafundi. Chanel hakuwahi kutengeneza kila kitu chini ya paa lake. Paris ilikuwa na karakana ndogo ndogo, kila moja na ufundi wake: Lesage kwa tarizi, Lemarié kwa manyoya na maua ya kitambaa, Michel kwa kofia, Desrues kwa vifungo, Goossens kwa vito. Kadiri nguo za viwandani zilivyoenea, karakana hizo zikaanza kufa, mara nyingi kwa sababu mwenyewe alizeeka na hakuna aliyetaka kurithi. Kuanzia miaka ya 1980 kampuni ya Chanel ikaanza kuzinunua moja baada ya nyingine: Desrues kwanza, Lemarié mwaka 1996, Lesage na Massaro mwaka 2002, na nyinginezo. Si wema mtupu. Nyumba inayotegemea kifungo cha fundi fulani haiwezi kumwacha fundi huyo afunge duka. Ila iliziacha ziendelee kuwashonea washindani, jambo ambalo limeokoa ufundi wa Paris nzima. Nyingi zimehamia katika jengo la le19M, mpakani mwa Paris na Aubervilliers, lililochorwa na Rudy Ricciotti, ambako umma unaweza kuingia kwenye maonyesho.

Hapa kuna fundo jingine la kufungua. Jina likiwa moja, bidhaa si za daraja moja. Juu kabisa kuna ushonaji wa kupimiwa ambao Wafaransa huuita haute couture. Si neno la kujisifia. Tangu 1945 linalindwa kisheria, na nyumba hairuhusiwi kulitumia bila kutimiza masharti, likiwemo la kuwa na karakana Paris na kuonyesha mavazi mara mbili kwa mwaka. Chini yake kuna nguo za saizi zilizo tayari, ambazo Chanel ilianza kuzitoa mwaka 1978, miaka saba baada ya kifo cha mwanzilishi. Kisha mikoba na viatu. Kisha manukato na rangi za midomo. Anayenunua rangi ya mdomo ananunua kitu kizuri, pengine, lakini hajagusa hata uzi mmoja wa haya niliyoyaeleza. Uchumi wa nyumba kama hizi umekaa hivyo: chupa ndogo huuzwa kwa wengi kwa heshima ya koti ambalo wachache sana watalivaa.

Na zile C mbili? Ni za zamani, lakini mkoba wa 1955 ulifungwa kwa kitasa cha mstatili kisicho na herufi yoyote. C mbili zilikuja kuwa kitasa cha mkoba wakati wa Karl Lagerfeld, aliyeingia mwaka 1983 na kuiongoza nyumba mpaka alipofariki 2019. Lagerfeld alielewa kwamba nyumba ilikuwa inasinzia, akaiamsha kwa kukuza kila ishara: minyororo ikawa minene, lulu zikawa kama mayai, herufi zikapanda mpaka juu ya vifungo. Namheshimu kwa akili yake, na bado nadhani ndiye aliyewafundisha watu kuitambua Chanel kwa mbali, na kwa kufanya hivyo akawapunguzia sababu ya kuisogelea.

Kuisogelea hakuhitaji kuinunua. Ukikuta koti la aina hii kwenye jumba la makumbusho, usikae mbele. Zunguka utafute pembe ya kuona kwapa na pindo. Ukikuta la mtu anayekuruhusu, fungua bitana kwa macho: je, mistari inaonekana? Je, michoro ya kitambaa inakutana kwenye mshono wa mfuko kiasi kwamba mfuko unapotea? Jicho likizoea, utaanza kuangalia hivyo hata shati lako mwenyewe, na hapo ndipo historia ya nyumba ya mbali inapoanza kuingia kwenye mavazi yako.

Maana mtindo huu, ukiuvua jina, ni maswali ya kumuuliza fundi wako. Naweza kuinua mikono miwili bila koti kunifuata? Mfuko uko pale mkono unapoangukia wenyewe? Hiki kifungo kinafunga nini? Chanel mwenyewe alichanganya lulu za kweli na za bandia shingoni mwake bila kujali nani atajua, na alivaa koti la twidi kama mtu anavyovaa sweta. Anayevaa koti lake kwa woga, akilikagua lisiguse kiti, amevaa bei yake. Fulana nyeupe, suruali ya kawaida, na koti lililokatwa vizuri kwapani vitamweka mtu karibu zaidi na mtaa wa Cambon kuliko mkanda wenye herufi za shaba ukubwa wa kiganja. Kuhusu nakala za bandia nitasema moja tu: huiga kile kinachoonekana kwa nje, na kama umefika hadi hapa unajua kwamba kwa nje ndiko kulikofichwa machache kuliko kote.

Oktoba 2025 Matthieu Blazy, mbunifu mpya wa nyumba hiyo, alionyesha mavazi yake ya kwanza Grand Palais, Paris. Kulikuwa na mengi ya kutazama, ila mimi nilisimama kwenye mashati. Yalikuwa mashati ya kiume kwa umbo, yaliyotengenezwa kwa kushirikiana na Charvet, washona mashati wa Paris tangu 1838, na hayakuwa na twidi, kanda wala mifuko minne. Ndani ya pindo lao, kulikuwa na mnyororo.